Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu: Huduma Utakayoipata na Ile Utakayoikosa

Kisumu ina makao makuu ya taasisi moja ya kimataifa ambayo wakazi wengi wa mji huu wanaijua kwa jina lake kwenye mabango ya warsha kuliko kwa kazi yake. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na msingi wake ni itifaki iliyotiwa saini Arusha tarehe 29 Novemba 2003 na Kenya, Uganda na Tanzania, kisha Rwanda na Burundi zikaingia baada ya kupokewa katika Jumuiya mwaka 2007. Imepewa jukumu la kuratibu matumizi ya maji, uhifadhi wa mazingira, usalama wa vyombo vya majini na maendeleo ya watu wanaoishi katika bonde zima, kuanzia vyanzo vya Mto Kagera nchini Burundi na Rwanda hadi kwenye mabonde ya Nzoia, Yala, Nyando na Sondu kwetu huku. Kwa kuwa inaendeshwa kwa michango ya serikali zetu na kwa fedha zinazoombwa kwa jina letu, naona inastahili kupimwa kama tunavyopima huduma nyingine yoyote ya umma.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda. Huduma ya kamisheni ni nzuri, wakati mwingine nzuri sana, pale ambapo nchi zote tano zinataka kitu kimoja na hakuna hata moja inayopoteza chochote. Pale ambapo nchi moja ina cha kupoteza, huduma hiyo hukatika, hata watumishi wake wawe hodari kiasi gani. Anayekwenda kubisha hodi bila kujua mpaka huo ulipo atarudi nyumbani akiwalaumu maafisa ambao kwa kweli hawana uwezo wa kumsaidia.

Sababu iko katika muundo wenyewe. Sekretarieti iliyoko Kisumu huandaa taarifa, huitisha vikao na husimamia miradi, lakini uamuzi hufanywa na Baraza la Kisekta la Mawaziri, ambalo kila waziri huliingia akiwa na maagizo kutoka kwao. Juu yake kuna ngazi za Jumuiya hadi Mkutano wa Wakuu wa Nchi, ambao kwa Mkataba wa Jumuiya huamua kwa maafikiano. Nchi moja ikikataa, jambo haliendelei, na hakuna anayelazimika kueleza hadharani ni nani aliyekataa. Katibu Mtendaji naye huteuliwa kwa zamu kati ya nchi wanachama. Kwa hiyo nafasi ya kamisheni inafanana na ya mshenga: hupeleka maneno, hurudisha majibu, hulainisha pale penye ukali, lakini mahari hupangwa na wazee ambao yeye si mmoja wao. Inafaa pia kukumbuka kwamba maji na uvuvi, kwa sehemu kubwa, ni kazi za kaunti kwa Katiba yetu ya 2010, ilhali magavana wa Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay na Migori hawana kiti katika baraza hilo. Kenya huwakilishwa na mawaziri kutoka Nairobi.

Hata swali la kwa nini ofisi iko Kisumu lina jibu lake katika maslahi ya mataifa. Ukitazama ramani ya taasisi za Jumuiya utaona mgawo ambao haukutokea kwa bahati: sekretarieti kuu na mahakama ziko Arusha, baraza la vyuo vikuu liko Kampala, shirika la usalama wa anga liko Entebbe, tume ya sayansi na teknolojia iko Kigali, ya utafiti wa afya iko Bujumbura, ya Kiswahili iko Zanzibar, na sisi tukapewa ziwa. Tumepewa ziwa lakini bila samaki wake, kwa sababu Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo mkataba wake ulitiwa saini papa hapa Kisumu tarehe 30 Juni 1994, lina makao yake Jinja, Uganda. Mvuvi wa Dunga mwenye swali kuhusu kina cha maji anaweza kulipeleka mjini kwa miguu, lakini swali kuhusu ukubwa wa mbuta, yaani sangara, anayeruhusiwa kuvuliwa lina mwenyewe ng'ambo ya mpaka. Sijawahi kuona maelezo ya kitaalamu yanayotenga samaki na maji anamoishi. Mgawo huo ni wa kisiasa, na kila mkazi wa ufuoni anaulipia kwa usumbufu.

Nianze na huduma zinazostahili sifa. Mpango wa maji safi na usafi wa mazingira uliopitia kamisheni, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulichagua miji midogo 15 ndani ya bonde, na kwetu Kericho, Keroka na Isebania ikawa miongoni mwao. Mabomba, matangi na vyoo ni vitu vinavyoonekana, wala sina la kubisha. Ila msomaji makini atatazama hesabu: miji 15 kwa nchi tano ni miji mitatu kwa kila nchi, iwe nchi hiyo ina nusu ya ziwa au haina hata ufuo mmoja. Kama kigezo kingekuwa idadi ya watu wasio na maji safi, au wingi wa uchafu unaoingia ziwani, sidhani kama jibu lingegawanyika kwa usawa mzuri namna hiyo. Tatu kwa kila mmoja ndilo jibu linalopita mezani bila mtu kununa, na huenda bila hilo mradi usingekuwapo kabisa.

Kwenye Mlima Elgon, kamisheni ilisimamia mpango wa uhifadhi wa mfumo wa ikolojia wa mlima huo kwa pande za Kenya na Uganda, kwa ufadhili wa Norway na Sweden. Katika Mto Mara, unaotoka msitu wa Mau na kuingia Serengeti kabla ya kufika ziwani, kila mwaka tarehe 15 Septemba huadhimishwa Siku ya Mara, inayokutanisha maafisa na wananchi wa Kenya na Tanzania. Hapa kamisheni hufanya kazi kwa wepesi kwa sababu nchi zote mbili huvuna watalii kutokana na nyumbu walewale, na mto ukikauka zote hupata hasara.

Tukifika Jinja mambo hubadilika, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo huduma ya kamisheni inapopimwa kweli. Ziwa Victoria lina njia moja tu ya kutokea maji, nayo iko Jinja, unapoanzia Mto Nile. Tangu bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, kiasi cha maji kinachotoka huamuliwa na binadamu. Makubaliano yaliyoruhusu bwawa hilo yalikuwa kati ya Uingereza, kwa niaba ya Uganda, na Misri. Yaliweka kanuni kwamba maji yatakayopitishwa yalingane na yale ambayo yangepita kwa maumbile kulingana na kimo cha ziwa, na Misri ikaruhusiwa kuweka mhandisi wake Jinja ashuhudie. Kenya na Tanganyika, zikiwa chini ya Waingereza haohao, hazikuwa na kiti chao wenyewe mezani. Msingi wa uendeshaji wa ziwa letu, kwa maneno mengine, ulipangwa kwa kuangalia mashamba ya pamba ya Misri na umeme wa Uganda.

Mwaka 2000 kituo cha pili, Kiira, kilianza kuzalisha umeme kando ya kile cha zamani. Mvua zilipopungua kati ya 2004 na 2006, Uganda ilikuwa na uhaba mkubwa wa umeme, maji yakapitishwa kupita kanuni ilivyoagiza, na ziwa likashuka hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa. Wachambuzi waliopiga hesabu walionyesha kwamba karibu nusu ya upungufu huo ulitokana na mabwawa, na nusu nyingine na ukame. Huku kwetu fuo zilirudi nyuma na meli zikapata shida kukaribia gati la Kisumu. Mwezi Mei 2020 hali ikawa kinyume: kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964, na maji yakaingia katika nyumba na mashamba kutoka Dunga hadi Usenge, huku Nyando na Budalang'i zikipigwa na ziwa na mito kwa pamoja. Safari hii watu wa Kisumu walitaka mlango wa Jinja ufunguliwe zaidi, wakati watu wa Ziwa Kyoga, ambao hupokea maji hayo, nao walikuwa tayari wamefurika.

Katika matukio kama hayo mwananchi angetarajia kamisheni iliyoko mjini kwake iamue, au angalau ielekeze. Haina mamlaka hayo. Inaweza kukusanya takwimu, kuitisha wataalamu wa nchi tano na kupendekeza sera ya pamoja ya kupitisha maji, nayo imefanya kazi hiyo. Lakini mkono ulioshika mlango ni wa Uganda, na Uganda haioni kwa nini taa za Kampala zitegemee kura ya Nairobi au Dodoma. Simlaumu waziri wa Uganda kwa hilo. Kama njia ya maji ingekuwa Kisumu, nina hakika tungekuwa na ofisi yetu wenyewe ya kulinda ufunguo, na tungeiita uhuru wa taifa.

Kuhusu kisiwa cha Migingo nitasema machache. Ni jabali lisilofika hata ekari moja, lililozungukwa na maji yenye mbuta wengi, na tangu mzozo wa Kenya na Uganda juu yake ulipopamba moto mwaka 2009 na kushughulikiwa na marais, mawaziri wa mambo ya nje na timu ya wapimaji ardhi wa nchi mbili, kamisheni haikuwa mahali ambapo jambo hilo lingeamuliwa. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa, Tanzania karibu nusu, na Uganda sehemu kubwa ya kilichobaki, ilhali wavuvi wetu na viwanda vyetu vya minofu vilijengwa kana kwamba samaki hawana mpaka. Uganda ilipoingiza jeshi lake katika ulinzi wa uvuvi mwaka 2017, kuwakamata wenye nyavu haramu na samaki wachanga, waliokumbwa ni pamoja na Wakenya waliovuka, na malalamiko yao yalipelekwa kwa wabunge na ubalozi. Walijua, bila kuambiwa na yeyote, ni meza gani yenye uwezo.

Mtu asidhani kwamba Kenya ndiyo mnyonge wa hadithi hii. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, ambao ungeziondoa nchi za juu ya mto katika kivuli cha mkataba wa kikoloni wa 1929 na ule wa Misri na Sudan wa 1959, ulifunguliwa kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010, na Kenya ikatia saini siku chache baadaye. Ulipoanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, nchi sita zilikuwa zimeuridhia: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Ukizilinganisha na wanachama wa kamisheni utaona kwamba nne kati ya tano zilikuwamo, na iliyokosekana ni mwenyeji wake. Serikali yetu ina uhusiano na Cairo inaouthamini, na maji ya Nile hayamgusi mpiga kura wa Nairobi kama yanavyomgusa wa Addis Ababa, basi karatasi ikabaki kabatini. Ni vigumu kumwambia jirani aweke maslahi ya bonde mbele wakati wewe hujaridhia mkataba wa bonde.

Upande wa wafadhili nao una mataifa yake. Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Victoria, kwa fedha za Benki ya Dunia, ulianza mwaka 1997, na awamu ya pili ikafuata kuanzia 2009. Katika awamu hiyo kila nchi ilipata fungu lake, ikaunda ofisi yake ya mradi na kuchagua kazi zake, na kamisheni ikabaki kuunganisha taarifa. Gugumaji, ambalo halijui mpaka na husukumwa na upepo hadi Ghuba ya Winam iliyo mbele ya Kisumu, lilishambuliwa kwa bajeti za kitaifa. Silaha iliyofanya kazi vizuri zaidi miaka ya tisini walikuwa mbawakawa wadogo walioachiliwa Uganda mwishoni mwa 1995 na Kenya mapema 1997, na mdudu huyo, kwa bahati nzuri, hasubiri kikao cha mawaziri. Sweden, Norway, Ujerumani na Umoja wa Ulaya zimechangia kamisheni kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiwa na orodha ya anachopenda kufadhili, na orodha hizo huwa na mito na misitu kuliko minofu na mipaka. Wakazi wa Nyanza wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi katika afya: Rais wa Marekani alipositisha misaada ya nje Januari 2025 na shirika la USAID likafikia kufungwa katikati ya mwaka huo, kliniki za virusi vya ukimwi za Homa Bay na Siaya zilipaswa kupanga upya kazi zao kwa sababu ya uchaguzi uliofanyika ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo kuna mfano mmoja unaonyesha kwamba nchi zetu zinaweza kwenda pamoja haraka. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa, kwanza kwa hofu ya vijidudu, kisha kipindupindu, kisha sumu iliyotumiwa kuvulia. Kenya, Uganda na Tanzania, ambazo zilikuwa zimevutana kwa miaka juu ya ukaguzi, zilirekebisha sheria, maabara na mialo yake kwa kasi ambayo hakuna azimio la kikanda lililowahi kuipata. Fedha ya kigeni ilikuwa ikipotea kwa wote watatu kwa wakati mmoja.

Nikitakiwa kutoa nyota, natoa tatu kati ya tano. Ya kwanza ni ya miradi ya maji. Ya pili ni ya takwimu na tafiti, ambazo mwanafunzi au mwandishi wa habari hatapata mahali pengine zikiwa zimekusanywa kwa bonde zima. Ya tatu ni kwa sababu kikao kisicho na meno bado ni bora kuliko nchi tano kutozungumza, kama zilivyokuwa tatu za kwanza baada ya Jumuiya ya awali kuvunjika mwaka 1977. Nyota mbili nimezizuia. Moja ni ya lugha: Kiingereza kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya tangu mkataba wake ulipoandikwa, na ingawa mwaka 2021 wakuu wa nchi waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pia, nyaraka nyingi zinazohusu maisha ya mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa ufuo cha Usenge au Mbita humfikia katika lugha ambayo hakutani nayo kwenye mtumbwi. Nyingine ni ya usiri wa maafikiano, kwa kuwa mwananchi anayeambiwa kwamba jambo limeahirishwa ana haki ya kujua ni serikali gani iliyoliahirisha, hasa ikiwa ni yake.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuitumia huduma hii ni wa kivitendo. Kwa taarifa, ramani, na nafasi ya kushiriki mradi, nenda kwenye kamisheni, tena uende na barua ya kikundi kilichosajiliwa. Kwa jambo ambalo nchi jirani italipinga, anza na wizara yako mwenyewe Nairobi, kwa maana bila agizo lake hakuna atakayelitamka barazani, kisha watafute wabunge tisa wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki, ambao kwa bahati mbaya huonekana Kisumu mara chache kuliko wanavyostahili kuonekana.

Na kwa kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba wa Jumuiya, njia iliyo wazi zaidi ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuishtaki serikali, iwe yake au ya jirani, bila kupitia kwa waziri. Shirika moja la ustawi wa wanyama lenye makao Nairobi lilifanya hivyo mwaka 2010 kupinga barabara ya lami iliyopangwa kukata Serengeti ya kaskazini, na Juni 2014 mahakama ikaizuia Tanzania kuijenga, jambo ambalo baraza la mawaziri lisingethubutu kuliweka kwenye ajenda. Masjala ndogo ya mahakama iko Nairobi. Shauri linapaswa kufunguliwa ndani ya miezi miwili tangu kitendo kilipofanyika au mlalamikaji alipokifahamu, na majaji wamekuwa wakali juu ya muda huo, kwa hiyo mwenye kesi asiutumie wote kungoja majibu ya barua.